Nyekundu Juu ya Kutu

Siku moja ninaikumbuka kuliko zote, mwanangu. Nilikuwa nimesimama ndani ya mfereji kule Rujewa, maji yakinifika magotini, mwalimu wangu akanipa nyundo ndogo na kuniambia neno moja tu: "Gonga." Nikagonga. Chuma kizima ukikigonga hulia, hukujibu. Hiki hakikunijibu. Nyundo ilizama kana kwamba nimegonga gogo lililooza, na nilipoivuta, maji yakaanza kuchuruzika kwenye tundu lake. Chuma hicho nilikuwa nimekipaka rangi kwa mkono wangu mwenyewe.

Kaa vizuri sasa, maana mambo ya chuma hayasimuliwi kwa haraka, na mimi ni mzee, ukinikatisha naanza upya. Nimefanya kazi ya kupaka rangi za kuzuia kutu tangu nikiwa binti wa miaka ishirini mpaka magoti yaliponigomea. Nimepaka matangi ya machimboni Makongolosi, mapaa ya viwanda vya chai, na boti za chuma kule Kyela ziwani. Ukipita njiani ukaona tangi la maji limesimama juu ya miguu yake bila michirizi ya kutu kwenye maungio, huenda ni kazi yangu. Najisifu, ndiyo. Nani atanisifu nikinyamaza? Lakini mwenye kustahili sifa hasa si mimi. Ni Fundi Salehe, na leo nataka umjue.

Fundi Salehe alikuwa mtu wa Tanga. Ujanani alipaka meli bandarini, kisha akaoa kwa Wanyakyusa, akahamia Mbeya na brashi zake ndani ya sanduku la mbao. Bahari aliiacha, lakini adabu ya bahari hakuiacha. Kila chuma alichokutana nacho, hata cha huku kwetu milimani ambako watu hununua chumvi dukani, alikitendea kana kwamba kesho kitashushwa majini kikapigwe na mawimbi. Watu walimwona anajisumbua bure. Mimi mwenyewe nilimwona hivyo mwanzoni.

Nilikutana naye kwetu Igowole, mkoani Iringa. Alikuja na vijana wake wanne kupaka tangi la kiwanda cha chai, na mimi nilichukuliwa kibarua cha kuchekecha mchanga, ule wanaoupuliza kwa mashine kung'oa kutu. Unaijua Igowole, ukungu wake mpaka unasahau kama jua lipo. Saa moja asubuhi vijana wako tayari, brashi mkononi, Fundi amekaa juu ya ndoo anakunywa chai. Kila baada ya muda anainuka, anaweka mgongo wa kiganja chake juu ya bati la tangi, kisha anarudi kukaa. "Bado kinatoka jasho," anasema. Saa mbili, bado. Saa tatu, bado. Wafanyakazi wa kiwandani wakambatiza jina, Fundi Ngoja Jua. Naye hakukasirika hata kidogo. Aliwajibu kwamba jua ndilo bosi wake, na bosi akichelewa kazini, wewe mfanyakazi utafanyaje.

Na hata jua likitoka hakuwa mtu wa kurukia rangi. Alikuwa na kitambaa cheupe, kipande alichokata kwenye kanzu yake kuukuu. Chuma kikishakwanguliwa na kufutwa, alipitisha kitambaa kile polepole. Kikichafuka, kazi inarudiwa. Kinakatwa kipande kingine, kinapitishwa tena, mpaka kitoke kama kilivyoingia. Halafu kabla ya kupaka eneo lote, alishika brashi ndogo akapaka kwanza kingo, vichwa vya bolti na mishono ya weldingi. Alisema kutu ni kama mwizi, haiji katikati ya ukuta, inaanzia pembeni.

Na rangi zenyewe zilikuwa mikono mitatu, yaani kupaka mara tatu, kila mkono na rangi yake. Wa kwanza mwekundu, wa pili wa kijivu, wa tatu wa kijani au vyovyote atakavyo mwenye mali. Mimi nikamuuliza, maana mdomo wangu haukuwa na breki, kwa nini ahangaike na rangi tatu wakati itakayoonekana ni moja. Alininyooshea kidole kwenye tangi lililokwisha kupakwa kijivu, akasema, "Binti, hebu niambie unaona nini pale."

Nikaangalia. "Naona mahali mlipopasahau," nikasema. "Pale chini ya ngazi, wekundu unachungulia."

Vijana wake wakacheka, kisha wakaenda kutazama, kisha hawakucheka tena. Fundi akasema, "Ndiyo maana ya rangi tatu. Kila mkono unamsema mwenzake." Kesho yake akaninyang'anya chekecheke la mchanga na kunipa brashi. Maneno yalikuwepo, mwanamke kupanda tangi, mara sketi, mara mkosi. Akayamaliza kwa sauti yake ile ya upole kwamba kutu haijawahi kumuuliza mtu jinsia yake. Akanitafutia suruali ya kazi, na tulipomaliza Igowole nikaondoka nao.

Basi ona mambo yalivyo, mwanangu. Nilichukuliwa kwa sababu ya macho. Na macho yaleyale ndiyo yaliyonipotosha, kwa kuwa ajuaye mahali kosa linapoonekana anajua pia mahali lisipoonekana.

Tulikwenda Rujewa mwaka wangu wa tatu kwenye kazi. Mfereji wa wakulima wa mpunga ulikuwa umefungwa kiangazi ili mageti yake matatu ya chuma yakarabatiwe. Mwenyekiti wa mfereji alikuwa Mama Tabu, Msangu mrefu, mkavu, mwenye shamba lake mwishoni kabisa mwa mfereji. Huko mwishoni maji hufika yamechoka, na geti la tatu likivuja hayafiki kabisa. Kwa hiyo kila jioni alipita kutuangalia, akisimama, mikono nyuma. Tulimaliza mageti mawili. La tatu, lile kubwa, likabaki na siku tatu kabla ya maji kufunguliwa kwa ajili ya vitalu vya miche.

Asubuhi ya kwanza Fundi akapata habari za msiba, mama mkwe wake amefariki Tukuyu. Msiba wa mkwe hauagizwi mtu. Akakusanya vitu vyake, akaniita pembeni mbele ya vijana wote. "Oliva," akasema, "geti hili ni lako." Akanipa nyundo yake ndogo na kitambaa cheupe kilichokunjwa. Niliviringisha suruali yangu na kutembea kando ya ule mfereji kama mkuu wa wilaya. Ilikuwa mara ya kwanza kuachiwa kazi, na vijana wale wote wanne walikuwa wameanza kabla yangu.

Upande wa mbele tuliufanya vizuri, sina la kujutia. Shida ilikuwa nyuma, upande unaopokea maji, kule chini geti linapokaa kwenye kizingiti cha zege. Pale palikuwa na tope na unyevu usiokauka, maji yakijipenyeza kutoka ardhini. Kutu ilikuwa imefanya magamba. Ili kupafikia ilibidi kuziba kwa udongo, kukomba maji kwa ndoo, kusubiri pakauke, halafu kulala chali topeni na kukwangua gamba kwa gamba, uso ukiwa chini ya chuma. Ni kazi ya siku nzima, na mimi nilikuwa nimebakiwa na siku moja na nusu kwa kila kitu.

Vijana waliniuliza, "Dada, huku nyuma tunafanyaje?" Nikawaambia waende wakapumzike, nitapamaliza mwenyewe. Nikainama, nikatazama kutu ile. Ilikuwa nyekundu. Nikatazama kopo la rangi ya kwanza. Nalo lilikuwa jekundu. Ndani ya kichwa changu kikasemwa kitu ambacho mpaka leo naona aibu kukirudia: nani atatofautisha? Nikanyoosha mkono, nikapaka nyekundu juu ya kutu, unyevu wake na tope lake. Kesho yake nikaweka kijivu, kisha kijani. Likang'aa. Wahenga walisema uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Mimi ndani sikuwa na hata hicho kipande cha mti.

Maji yakafunguliwa. Mama Tabu akasimama juu ya ukingo, akaona geti linashuka na kupanda kama jipya, akatabasamu. Nilikuwa sijawahi kuona meno yake. Akachinja kuku, akanipa paja kwa mkono wake. Nikalila. Fundi aliporudi kutoka msibani, sehemu niliyoificha ilikuwa tayari chini ya maji.

"Ulipakausha?" akaniuliza.

"Nilipakausha, Mzee."

"Na kitambaa?"

Nikampa kitambaa. Kilikuwa cheupe, kwa kuwa niliufuta nacho upande wa mbele tu, ule ulio safi. Yaani nilidanganya kwa mdomo, kisha nikadanganya kwa kitambaa cha kanzu ya mtu anayeswali. Akakitazama, akakitia mfukoni, akaniwekea mkono begani. Hakuniuliza tena. Aliniamini, mwanangu, na hilo liliniuma kuliko kama angenishuku.

Nilidhani litaisha. Msimu wa kwanza ukapita, wa pili, wa tatu. Nilikuwa nimekuwa fundi wa kuheshimika, hata usiku nalala. Mficha maradhi kilio humfichua, lakini kilio hakina haraka. Msimu wa nne, wakati miche imeshaota kwenye vitalu, Mama Tabu akapiga simu. Geti la tatu linavuja chini, maji yote yanakimbilia mtaro wa kutolea, na vitalu vya mwisho vinaanza kuwa njano. Tulipanda basi siku hiyohiyo. Njia nzima kutoka Mbeya nilijifanya nimelala.

Ndipo siku ile ya nyundo. Wakulima kama kumi walikuwa wamesimama juu ya ukingo. Fundi akanipa nyundo, nami nikagonga, ikazama. Akazunguka nyuma ya geti, akaingia majini na kanzu yake ameifunga kiunoni, akatoa kisu, akaanza kubandua rangi. Zikatoka zote pamoja kama ganda la kitunguu. Akazishika juu ya kiganja, akazigeuza. Kijani, kijivu, nyekundu. Na nyuma ya nyekundu, gamba la kutu limeshikamana nayo, kavu, nene, la zamani kuliko rangi yenyewe. Akalikwaruza kwa ukucha. Mimi nikayatazama maji.

Kijana mmoja wa pale juu akasema, "Mzee, si ulituahidi hili litakaa miaka? Sasa tule nini, rangi?"

Nilijua Fundi ameshaelewa. Angeweza kuninyooshea kidole tu. Mtu gani asingefanya hivyo? Jina lake lilikuwa limejengwa Tanga mpaka Kyela, kwa miaka mingi kuliko umri wangu. Akakunja kile kipande cha rangi ndani ya kiganja, akainua uso, akasema, "Kweli nyie mna haki. Kazi hii ni yangu na kosa ni langu. Sitaondoka hapa mpaka maji yafike kwa Mama Tabu."

Nami nikanyamaza. Hilo, mwanangu, ndilo kosa langu kubwa. La kwanza lilikuwa la uvivu na haraka, ujana una mengi. La pili nilikuwa nimesimama na akili zangu timamu, jua linawaka, mzee wa watu anabeba mzigo wangu mbele ya macho yangu, na ulimi wangu ukabaki mahali pake.

Tukajaza viroba vya udongo, tukaziba juu ya geti. Akatafutwa fundi wa weldingi mjini akakata sehemu iliyooza na kuunga bati jipya. Kisha ikaja kazi ileile, mahali palepale. Fundi Salehe alikuwa na miaka sabini na ushee. Sikuwahi hata kuuliza nani atalala chini. Niligeuka kuchukua msasa, niliporudi nikaona miguu yake miwili imetokeza chini ya geti. Amelala chali ndani ya tope, kofia yake ameiweka pembeni juu ya jiwe, na brashi ya waya inasikika huko ndani, kwaruu, kwaruu, bila kupumzika. Alikuwa akikwangua pale nilipoona uvivu kulala nikiwa na miaka ishirini na tatu.

Hakunitukana, hakuniangalia kwa jicho baya. Lakini mimi nilihisi ile brashi inanikwangua mimi. Nikaanza kulia, tena si kilio cha kike cha kujipangusa na kanga, nililia mpaka kamasi. Nikapanda ukingoni kwa Mama Tabu, watu wote wakiwepo.

"Mama, Mzee anawadanganya," nikasema. "Geti nilipaka mimi. Nilipaka juu ya kutu kwa makusudi, na yeye nikamwambia uongo. Hakuwepo, alikuwa kwenye msiba."

Kule chini brashi ikanyamaza. Mama Tabu akanitazama kuanzia nywele mpaka kwenye vidole vya miguu. "Sasa hapo ndo umeongea," akasema. "Siku ile ya kuku nilikuona, unakula umeinamia sahani kama mwenye jino bovu. Nikasema labda binti ana aibu ya wageni. Haya, usimalize machozi hapa, hayatoshi kumwagilia. Tangu lini mzee akalala kwenye tope na binti amesimama? Nenda ukamtoe, ulale wewe."

Nikaenda. Fundi akatoka, nikaingia. Nilikaa humo siku nzima. Nilikwangua, nikasugua kwa msasa, tukasubiri pakauke, nikapitisha kitambaa cheupe mara tano, mara zote tano kikatoka kichafu. Ya sita kikatoka cheupe. Nilikipokeza nje, naye akakipokea. Nikamsikia anasema, "Alhamdulillah," kwa sauti ndogo, kama mtu aliyeletewa maji ya kunywa.

Geti lilipona, lakini vitalu vya Mama Tabu vilikuwa vimeshakauka nusu. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na wakati mwingine ukuta unajengwa na mwingine. Wenzake wa mwanzo wa mfereji walimgawia miche iliyobaki kwao, na siku ya kupandikiza nilikuwa pale, nimeinama na kina mama wa Kisangu kuanzia asubuhi, mgongo unaniuma, wananicheka kwamba safu yangu imepinda kama njia ya ng'ombe. Na kule mwisho wa jaruba nikamwona Fundi Salehe na kanzu yake kiunoni, naye anapandikiza, safu yake imepinda kuliko yangu.

Jioni tulipokuwa tunanawa miguu mferejini ndipo alipozungumza. "Oliva, unajua kwa nini sikukutaja?" Nikasema sijui. "Nilikupa geti lakini sikukupa muda. Niliona siku hazitoshi nikakuachia hivyohivyo, kwa sababu na mimi nilitaka sifa ya kumaliza. Kwa hiyo sikusema uongo pale. Ila nilikuwa naomba moyoni useme na wewe fungu lako, maana hilo nisingeweza kukusemea." Akatoa mfukoni kipande kile cha rangi tatu na gamba la kutu mgongoni, akaniwekea mkononi. "Hiki usikitupe."

Fundi amekwisha kutangulia mbele ya haki, Mungu amrehemu. Mpaka anaondoka hakuwahi kumsimulia mtu habari ya Rujewa. Walioijua waliisikia kwangu. Kila kiangazi mfereji ukifungwa, mimi na magoti yangu haya nampigia simu Mama Tabu, anamtuma mjukuu aende akagonge geti la tatu kwa nyundo, simu ikiwa wazi. Nasikiliza. Linalia vizuri. Sijui kama yupo mwanamke mwingine Iringa nzima anayeongea na chuma kwa simu.

Sasa kipande chenyewe ni hiki, kishike, usiogope. Geuza uone mgongo wake. Nasaha yangu ni hiyo unayoiona. Siku moja utakuwa mbele ya kutu yako, ya kazi, ya ndoa, ya urafiki, sijui ya nini, na mkononi utakuwa na kopo lenye rangi inayofanana nayo kabisa. Usipake. Lala chini ukwangue, hata tope likuingie masikioni. Na kama umeshapaka, maana vijana hamsikii na sisi hatukusikia, basi usingoje nyundo ya mtu. Panda ukingoni ukaseme mwenyewe, mapema, kabla miche ya mwenzio haijawa njano. Na siku utakapokuwa mkubwa wa wengine, akikosea wa chini yako, tafuta kwanza fungu lako kwenye kosa lake. Ukilitaja la kwako, na yeye atapata nguvu ya kulitaja lake.

Haya, nenda, jua limeshatoka. Mungu akupe subira ya kungoja chuma kikauke. Akupe kitambaa kinachotoka cheupe. Na ukikosea, mwanangu, akujalie mwalimu wa kukupa nyundo na kukuambia gonga, kisha asiondoke pembeni yako mpaka usikie mlio.